Pikipiki Ikikosa Moto, Soma Karatasi Kabla ya Kufungua Injini



Wengi wetu tukitoka zamu hatuendi kulala. Tunapanda pikipiki kutafuta abiria, kwa kuwa mshahara wa kiwandani au wa shamba la chai haufiki mwisho wa mwezi. Wengine tumenunua pikipiki kwa mkopo na kumpa kijana aiendeshe. Basi ubovu wa injini si shauri la fundi peke yake. Ni shauri la chakula cha nyumbani, na kwa hiyo ni shauri la chama.

Tulikuwa Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, karibu na uwanja wa Nakivubo. Mwenzetu mmoja hubeba hapo marobota ya mitumba. Pikipiki yake ilikuwa na miezi minne tu. Asubuhi ilikwenda vizuri, lakini injini ikishapata joto na kupandisha mzigo kuelekea Nakasero, ilianza kukosa: inavuta, inakatika, inavuta tena, na ekzosi inapiga kama bunduki. Mkopo alikuwa akiulipa kila wiki, na deni halingoji pikipiki ipone.

Fundi wa kando ya barabara alisikiliza kidogo akasema, "Ringi zimekwisha. Tufungue." Spana ilikuwa tayari mkononi. Tulimwomba angoje. Hatuwadharau mafundi hawa, kwani ndio wanaotuokoa kila siku. Lakini pikipiki ilikuwa bado ndani ya dhamana, na mara nyingi injini ikifunguliwa nje ya karakana ya muuzaji, dhamana hiyo inakufa.

Tuliangalia nini

Injini ya petroli inahitaji vitu vinne: petroli safi, hewa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake. Kimoja kikipungua, injini inakosa. Tulianza na kilicho rahisi.

Kwanza petroli. Tulilegeza skrubu iliyo chini ya kikombe cha kabureta na kumwaga kidogo katika chupa safi. Maji yangekuwapo yangekaa chini ya petroli. Hayakuwapo.

Pili chujio la hewa. Lilijaa vumbi. Tukalisafisha kama kitabu cha pikipiki kinavyoagiza.

Tatu plagi. Plagi ikiwa na rangi ya udongo, injini inawaka sawasawa. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli ni nyingi kuliko hewa, au cheche ni dhaifu. Weusi wenye mafuta ya oili unaonyesha oili inapenya. Weupe unaonyesha petroli ni kidogo au joto limezidi. Yake ilikuwa na masizi makavu. Tukaweka plagi mpya ya namba ileile. Bado injini ilikosa ilipopata joto.

Nne cheche yenyewe. Plagi ya akiba ilichomekwa katika kofia yake, chuma chake kikagusa injini, mbali na petroli na mbali na tundu la plagi, kisha tukapiga kiki. Injini ikiwa baridi, cheche ilikuwa ya buluu na yenye nguvu. Baada ya safari ya nusu saa ilikuwa ya manjano na dhaifu. Ringi zikiisha, moshi wa buluu hutoka na oili hupungua. Hapa hapakuwa na moshi. Kosa lilikuwa upande wa umeme: koili, waya wake au kofia ya plagi. Hapo tulisimama, hatukugusa zaidi.

Dhamana inalipa nini

Dhamana ni ahadi kwamba kiwanda kitatengeneza kosa lake chenyewe. Kwa kawaida hailipi vitu vinavyochakaa kwa kazi, kama plagi, chujio, breki, klachi na matairi. Ina kikomo cha muda na cha kilomita, na kinachotangulia ndicho kinachoifunga. Hudai pia kwamba sevisi zote zifanywe kwa wakati na kugongwa muhuri. Zipo dhamana zinazokataa pikipiki za kubeba abiria kwa malipo. Ulizeni hilo kabla ya kutoa fedha, si baada ya kuharibikiwa.

Dukani tuliambiwa kwanza, "Mmeharibu wenyewe." Tulikwenda watatu, hatukupiga kelele. Tuliweka mezani risiti, kitabu cha sevisi chenye mihuri, na daftari la siku injini ilipokosa. Fundi wao alipima, akakuta koili ni mbovu, ikabadilishwa bure. Plagi mwenzetu alilipa mwenyewe, na hiyo ni haki. Lakini siku sita alizokosa kazi hakuna aliyemlipa. Karatasi ya dhamana haizungumzii jasho la mtu.

Mwenzetu mwingine alikuwa na ubovu wa namna hiyo akakubali injini ifunguliwe barabarani. Duka likakataa kumsikiliza, malipo yakachelewa, na mwenye mkopo akaichukua pikipiki.

Tufanye hivi

Tunza risiti na kitabu cha sevisi nyumbani, pasipo mvua. Injini ikikosa, andika tarehe, kilomita, na kama ni baridi au ina joto. Safisha chujio na kagua plagi; yaliyo ndani mwachie mwenye dhamana. Peleka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala. Ukikataliwa, kumbuka kwamba Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, inayotaka bidhaa ya dukani iwe na ubora unaofaa kwa matumizi yake.

Na usiende peke yako. Mwite mwakilishi wa tawi au wenzako wa steji. Mtu mmoja kaunta huambiwa arudi kesho, na kesho yake akaambiwa hivyo hivyo. Watatu wenye karatasi hupewa kiti.