Sauti Isiyokuwamo Kwenye Kinanda

Ukipita Kariakoo jioni, spika za madukani hazikosi kukurushia taarab: kinanda, gitaa la solo, besi. Udi, ala ya nyuzi ya Kiarabu, huusikii. Klabu kongwe za taarab za Dar es Salaam, Egyptian na Al-Watan, zilijengwa juu ya ladha ya Kimisri, na udi ulikuwa ndani ya ladha hiyo. Ulipowekwa kando, muziki ulipoteza kitu kinachopimika.

Shingo ya gitaa ina vijiti vya chuma vinavyokatisha chini ya nyuzi. Bonyeza popote kati ya viwili, sauti ni ile ile. Shingo ya udi ni tupu; kidole kikisogea kidogo tu, sauti inabadilika. Chukua maqam ya Rast, mmoja wa mipangilio ya sauti ya Kiarabu, ukianzia Do. Sauti yake ya tatu iko kati ya Mi na kile kibonye cheusi cha kushoto kwake. Kwenye kinanda cha kawaida, hapo hapana kitu.

Wagiriki nao yamewakuta haya ya kupoteza sauti. Buzuki, chombo chao cha nyuzi chenye shingo ndefu, kilitokana na vyombo vilivyofungwa utumbo shingoni mahali pa vijiti, ambao mpigaji aliweza kuusogeza. Baadaye vikaja vijiti vya chuma visivyosogea. Miaka ya 1950 Manolis Chiotis akaeneza buzuki ya jozi nne za nyuzi badala ya tatu, ikakaribia mpangilio wa gitaa. Wapigaji wa buzuki bado wanaitaja Rast, ila sauti ya tatu imehamia kwenye Mi ya kawaida.

Chuma nacho kina faida zake. Uzi ulioegemea chuma hulia kwa muda mrefu. Nyama ya kidole kwenye udi huuzima mapema, ndiyo maana mpigaji huurudia uzi haraka haraka kwa risha, yaani kipigio chake. Kinanda nacho kina faida yake: ukumbini, harusi ikishapamba moto, kinasikika hadi mlangoni.

Bendi ya taarab inayotaka kurudisha ladha ya Kimisri haina haja ya kukitupa kinanda, kwani vipo vinavyopangwa robo sauti. Kinachokosekana ni sikio la kujua robo hiyo ikae wapi, na sikio hilo hulelewa na udi au fidla. Zanzibar, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimekuwa kikiufundisha udi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kutoka Dar ni safari ya boti tu.