Nyota wa soka na vidonge vya usingizi

Dele Alli wa Tottenham alituzwa mchezaji bora chipukizi Uingereza mwaka 2016 na 2017. Julai 2023, akiwa na miaka 27, alifichua kwamba alidhulumiwa kingono utotoni, na kwamba alikuwa mraibu wa vidonge vya usingizi. Alikuwa ametoka kutibiwa Marekani kwa majuma 6.

Sifa za mapema humziba kijana mdomo: nani atamsikiza nyota akisema ana huzuni? Hapo huanza vidonge. Lakini mwili waweza kuvizoea kwa majuma machache tu, na kuviacha ghafla huweza kuleta mishtuko kama ya kifafa. Daktari huvipunguza polepole.

Alli alisajiliwa na Como ya Italia Januari 2025, akaondoka mwaka uo huo. Kwangu, nafasi yake ya pili ilikuwa ile tiba. Mzazi, mwanao mchezaji akikosa usingizi majuma mawili, mpeleke kwa daktari kabla hajafika duka la dawa.