Siri Imekwisha, Faragha Je?

Aprili 2016, abiria wa treni ya London kwenda Glasgow aliondoka mahali ambapo habari fulani ilikuwa marufuku kuchapwa, akashuka mahali ambapo gazeti lilikwisha kuichapa. Amri za mahakama za England hazivuki mpaka wa Scotland. Ng'ambo ya bahari, jarida moja la Marekani lilikuwa limemwaga ubuyu wote, na majina juu. Hata hivyo, tarehe 19 Mei Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, majaji wanne dhidi ya mmoja, kwamba gazeti la Sun on Sunday liendelee kunyamaza hadi kesi ya msingi isikilizwe.

Kesi hiyo huitwa PJS, herufi zilizowekwa badala ya jina la mlalamikaji. Ni mtu wa tasnia ya burudani, mwenzi wake naye ni maarufu, na wana watoto wawili wadogo. Gazeti lilitaka kuandika mambo yake ya nje ya ndoa. Wengi waliicheka hukumu: maji yameshamwagika, mahakama inayazoa kwa kijiko!

Kicheko hicho kina haki yake kama tunazungumzia siri. Siri ikijulikana imekwisha. Faragha ni kitu kingine, na Kiswahili kinatupa maneno mawili tusiyachanganye. Mume na mke wakigombana usiku, jirani mmoja akasikia kupitia ukutani, hakuna mwenye adabu anayedhani kwamba sasa ni halali mtaa mzima kusogeza viti dirishani. Kila kiti kinachoongezwa ni uvamizi mpya. Hivyo ndivyo majaji wanne walivyoona: kutafuta jina mtandaoni ni jambo moja, ukurasa wa mbele wenye picha ni jingine, na watoto wale wangekua wakikutana nao. Fidia ya pesa baadaye isingewatibu. Na udaku wa kitandani, walisema, hauwi maslahi ya umma kwa sababu tu umma unaupenda.

Sheria ya England ilichukua muda mrefu kufika hapo, maana kwa miaka mingi ilijua kulinda siri tu. Peter Wright, jasusi mstaafu wa MI5, alipoandika kitabu cha Spycatcher, serikali ya Thatcher iliyazuia magazeti kukidondoa. Mwaka 1987 kitabu kikatoka Marekani, Waingereza wakarudi nacho kwenye mabegi, na mwaka uliofuata majaji wakakataa kuendeleza zuio kwa sababu hapakubaki siri ya kulinda. Kisha ikaja Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, iliyoanza kutumika 2000, na kuweka haki ya maisha binafsi na uhuru wa kujieleza kwenye mizani moja.

Mizani hiyo ilipimwa 2004 katika kesi ya mwanamitindo Naomi Campbell. Gazeti la Daily Mirror lilikuwa na haki ya kusema kwamba alidanganya alipokana kutumia dawa za kulevya. Halikuwa na haki ya kueleza undani wa tiba yake wala kuchapa picha yake nje ya mkutano wa waraibu wanaojinasua. Alishinda kwa majaji watatu dhidi ya wawili, fidia pauni 3,500. Mawakili wake walidai gharama zaidi ya pauni milioni moja, kwa hiyo usiulize mtu wa kawaida hulindaje faragha yake.

Hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi. Zuio huombwa kabla ya gazeti kuchapwa, na hati yake ikifikishwa kwa mhariri, kuikaidi ni kuidharau mahakama, kosa linaloweza kumpeleka jela. Lipo na zuio kali zaidi, linalokataza hata kusema kwamba zuio lipo. Mwaka 2009 kampuni ya mafuta ya Trafigura ilipata la namna hiyo dhidi ya gazeti la Guardian, kuficha ripoti kuhusu taka ambazo meli ya Probo Koala ilileta na zikamwagwa Abidjan mwaka 2006. Mbunge Paul Farrelly alipowasilisha swali, Guardian likaambiwa lisiripoti hata swali lenyewe la Bunge. Likachapa tu kwamba limezuiwa kuripoti swali fulani. Watu wa Twitter walilipata usiku uleule, na kesho yake mawakili wa kampuni wakalegeza kamba.

Kwangu PJS iliamuliwa sawa, ingawa Jaji Toulson, yule mmoja aliyepinga, ana hoja: habari ikishaenea mno, zuio hubaki karatasi tu.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 31, inakataza mambo ya familia na ya binafsi kufichuliwa pasipo ulazima, na ibara ya 34 inalinda vyombo vya habari. Ya Tanzania inaweka faragha kwenye ibara ya 16 na uhuru wa maoni kwenye ya 18. Hukumu za London hazitufungi, lakini mawakili wetu huzitaja. Siku msanii au waziri atakapokuja na PJS mkononi kuomba zuio, ningependa jaji aanze kwa kumuuliza: unachoficha ni kitanda au ni zabuni?