"Nasikia Baridi": Tatizo la Maneno Yanayokaribiana Katika Somo la Kiingereza

Asubuhi ya mwezi Juni katika uwanda wa juu wa Ufipa, si ajabu mwanafunzi wa kidato cha kwanza mjini Sumbawanga kumwambia mwalimu wake, "I hear cold". Mwalimu akicheka, mwanafunzi hatasema tena muhula mzima. Yafaa tukumbuke kwamba amefuata mantiki ya Kiswahili, lugha aliyosomea shule ya msingi kabla ya kuvushwa ghafla kwenda kwenye masomo ya Kiingereza.

Kitenzi "sikia" kina mawanda mapana: twasikia sauti, harufu, njaa, hata uchungu. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo. "Hear" ni la sikio, "smell" ni la pua, na "feel" ni la mwili na moyo. Lakini kumsahihisha mwanafunzi aseme "I feel cold" ni nusu tu ya somo. Mwingereza aliyesimama kwenye upepo kwa kawaida husema "I am cold". Akisema "I feel cold" huelekea kutilia mkazo hali aionayo yeye mwilini, pengine wenzake hawaioni, kama mtu anayenyemelewa na homa. "It is cold" ni habari ya hewa. Na "I have a cold" si baridi tena, ni mafua. Kale ka-"a" kadogo ndiko kanakotenganisha anayehitaji sweta na anayehitaji dawa.

"Azima" nalo lina mkanganyiko wake, kwani hutumika kwa anayetoa ("lend") na kwa anayepokea ("borrow"). Mazungumzo ya wanafunzi wawili na kalamu moja hulimaliza upesi.

Lililo zito zaidi ni jibu la swali la kukanusha. Mwalimu auliza, "Didn't you take the book?" Mwanafunzi ajibu "Yes", akikusudia: ndiyo, sikuchukua. Kwa Kiswahili amelikubali neno la muulizaji. Kwa Kiingereza amekiri kukichukua kitabu. Nachelea kwamba wapo walioadhibiwa kwa sarufi, si kwa wizi.

Hapa kanuni ndefu hazisaidii. Mwalimu aulize, "Isn't the chalk on the table?", na wanafunzi waitazame meza, wasilitazame swali. Chaki ikiwapo, jibu ni "Yes, it is". Isipokuwapo, "No, it isn't", hata swali liulizwe vipi. Kisha aifiche chaki mfukoni na kuuliza tena.