Kwa nini safari fupi ya ndege Kisumu-Mombasa humla abiria nusu siku

KISUMU iko ukingoni mwa Ziwa Victoria na Mombasa iko Bahari Hindi, lakini umbali wa moja kwa moja kati ya viwanja vya ndege vya miji hiyo ni takriban kilomita 700 pekee. Kwa barabara, basi linalopitia Nakuru na Nairobi hulazimika kwenda zaidi ya kilomita 800, na abiria hukesha njiani.

Ndege ya jeti ikishafika juu huenda kasi ya kilomita 800 hivi kwa saa. Ile ya mapangaboi, kama kilomita 650. Kwa hesabu ya darasani, safari hiyo ingechukua kati ya dakika 50 na 65. Hata hivyo, hakuna ndege inayoondoka ardhini kwa kasi hiyo. Hupanda taratibu, na kabla ya kutua hupunguza mwendo na kujipanga kuelekea barabara ya kutulia. Ongeza robo saa au zaidi. Aidha, muda unaoandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inaposimama tena, si ule wa hewani tu.

Safari nyingi kati ya miji hiyo hupitia Nairobi, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba wanazungushwa. Kutoka Kisumu hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni kama kilomita 280, na kutoka hapo hadi Mombasa ni kama 420. Nairobi imelala karibu kabisa na mstari ulionyooka, hivi kwamba kuipitia hakuongezi hata kilomita kumi.

Kinachopotea ni wakati. Ndege hupanda na kushuka mara mbili badala ya mara moja, kisha abiria huketi akingoja ndege ya pili. Akingoja saa tatu, safari nzima hukaribia saa tano, bila kuhesabu muda wa kufika uwanjani mapema. Mashirika nayo yana sababu yao: ni rahisi kujaza viti kwa kukusanya watu Nairobi kuliko kutafuta abiria wa kutosha wa Kisumu na Mombasa pekee kila siku.

Ajabu ni kwamba mnamo 1937, ndege za Imperial Airways zilizotua majini, zikitoka Uingereza kuelekea Durban, ziliruka kutoka Kisumu hadi Mombasa. Zilihitaji maji ya kutulia, na miji hiyo miwili ilikuwa nayo. Kwa mwendo wao wa kilomita 265 hivi kwa saa, safari hiyo ilihitaji zaidi ya saa mbili na nusu hewani.

Kwa jamaa anayeishi Pwani na kukimbilia mazishi Siaya au Homa Bay, tofauti hii si ndogo. Akinunua tiketi mbili za mashirika tofauti, huenda akalazimika kuchukua mizigo yake Nairobi na kuikabidhi upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, ile ya pili haitamngoja. Tiketi moja inayounganisha safari zote mbili humpa angalau haki ya kudai nafasi katika ndege inayofuata.