Istilahi za Jarida la Muziki la Wanafunzi: Mfano wa Hip-hop

Utangulizi

Wapenzi wa lugha huuliza mara kwa mara kwa nini vijana wanapoandika juu ya muziki waupendao huchanganya Kiswahili na lugha za kigeni. Jibu linalotolewa upesi ni kwamba vijana hawaithamini lugha yao. Sisi tunaona kwamba jibu hilo halitoshi. Mwanafunzi anayetengeneza jarida la hip-hop hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kazi ya mwandishi wa muziki na kazi ya msanifu kurasa. Kila kazi ina maneno yake, na maneno hayo yakiwekwa juu ya meza moja hugongana. Asipopata neno la Kiswahili lililo dhahiri, hana budi kushika lile lililo karibu.

Madhumuni ya makala hii ni kueleza mgongano huo unavyotokea na kupendekeza njia za kuuondoa. Jambo hili si dogo. Maagizo ya ukurasa yasiyoeleweka huzaa kosa kwenye karatasi, karatasi ikishachapwa haifutiki, na ni nadra chama cha wanafunzi kuwa na fedha ya kuchapa mara mbili.

1. Jarida la wanafunzi laweza kufika wapi

Utamaduni wa hip-hop ulianzia Bronx, katika jiji la New York. Tarehe inayokumbukwa zaidi ni 11 Agosti 1973, siku ambayo Cindy Campbell aliandaa dansi katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, na kaka yake Clive Campbell, ajulikanaye kwa jina la DJ Kool Herc, akachezesha santuri. Kool Herc aliona kwamba wachezaji huingojea sehemu ile ya wimbo ambapo ngoma husikika peke yake. Kwa hiyo alitumia santuri mbili za wimbo mmoja ili kuirefusha sehemu hiyo.

Mwaka 1988 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, David Mays na Jon Shecter, walianzisha The Source. Mwanzoni lilikuwa karatasi moja tu ya habari, iliyopelekwa kwa wasikilizaji wa kipindi cha hip-hop ambacho Mays alikiendesha katika redio ya chuo. Baadaye lilihamia New York na kuwa jarida kubwa la fani hiyo.

Mambo mawili katika jarida hilo yanaihusu kazi yetu ya istilahi. Kwanza, uhakiki wa albamu ulipimwa kwa picha za maikrofoni, na alama ya juu kabisa ilikuwa maikrofoni tano. Albamu ya Nas iitwayo Illmatic ilipewa tano mwaka 1994. Pili, palikuwa na safu maalumu ya wasanii ambao hawajapata mkataba. The Notorious B.I.G. aliandikwa humo mwaka 1992, miaka miwili kabla ya albamu yake ya kwanza. Katika mambo yote mawili, sehemu ya ukurasa ilipewa jina, jina likarudiwa katika kila toleo, na mwishowe wasomaji wakalitumia katika mazungumzo yao. Hivi ndivyo istilahi inavyozaliwa. Msanifu wa jarida, atake asitake, ni mtunga istilahi.

Kwa upande wetu, Kiswahili si kigeni katika sanaa hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili katika mdundo wa wimbo mashuhuri wa Kimarekani, na mwaka 1993 kikundi cha Kwanza Unit kiliundwa Dar es Salaam. Ni zaidi ya miaka 30 sasa tangu lugha yetu ianze kubeba fani hii, kwa hiyo maneno yapo. Kinachokosekana ni mpangilio wake.

2. Maneno matatu yanayogongana

Tuchukue kwanza neno kichwa. Katika ukurasa wa jarida neno hili huitwa kufanya kazi tatu: jina la jarida lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya jalada, kichwa cha habari, na kichwa kidogo kinachogawanya makala ndefu. Mhariri akiandika "kuza kichwa" pembeni mwa karatasi, msanifu ataweza kukuza lolote kati ya hayo. Tunapendekeza kichwa cha habari kibaki kama kilivyo, kwa kuwa kimezoeleka katika magazeti yote. Kichwa kidogo kiitwe kijichwa. Jina la jarida juu ya jalada liitwe paji. Jalada ni uso wa jarida, na paji ndiyo sehemu ya juu ya uso, ambayo mtu huitambua kwa mbali.

Neno la pili ni safu. Magazetini safu ni makala ya mwandishi mmoja inayotokea kila toleo mahali palepale. Kwa mpiga chapa, safu ni mistari mifupi ya maneno iliyopangwa kushuka kutoka juu hadi chini. Mwanafunzi akiambiwa kwamba ukurasa wa saba una safu tatu, hajui kama aandae waandishi watatu au augawe ukurasa mara tatu. Hapa ufumbuzi uko tayari, kwani katika majedwali tumezoea kusema safuwima. Basi safu ibaki kwa mwandishi, na safuwima iwe ya mpangilio wa maneno. Ukurasa wenye upana wa milimita 210 hugawanyika vizuri katika safuwima mbili au tatu. Zikizidi nne kwa herufi za kawaida, maneno marefu ya Kiswahili hukatika vibaya mwishoni mwa mistari, maana kitenzi chetu kimoja chaweza kubeba kiima, wakati, yambwa na kauli.

Neno la tatu, nalo ndilo gumu, ni mstari. Mpiga chapa hulitumia kwa maana ya maneno yaliyo sambamba katika ukurasa. Msanifu hulitumia kwa maana ya alama iliyochorwa kutenganisha habari mbili. Rapa naye hulitumia kwa maana ya kipande cha utungo wake kinachojaa mapigo manne ya mdundo, na ubeti wake mara nyingi huwa na mistari 16. Basi agizo la "ondoa mstari wa mwisho" laweza kumfuta msanii neno lake muhimu kuliko yote, wakati mhariri alitaka kuondoa alama ya wino tu.

Tunapendekeza mstari ubaki kwa mpiga chapa na kwa rapa, kwa sababu kwao wote wawili ni mstari wa maneno. Alama iliyochorwa iitwe ufito, na wingi wake fito. Fito ndizo zinazoshikilia ukuta wa udongo na kuugawa katika vyumba vidogo vidogo, na alama hizi hufanya kazi hiyohiyo juu ya karatasi. Wako watakaosema kwamba neno la ujenzi haliwezi kuingia katika uchapaji. Hao tunawakumbusha kwamba kifaru alitoka mbugani akaingia katika jeshi, na ikulu ilitoka katika makao ya watemi wa Unyamwezi na Usukuma ikaingia katika siasa ya taifa. Neno zuri halina kwao pamoja tu.

3. Maneno ya sanaa yenyewe

Mgongano wa pili ni wa hisia zaidi kuliko maana. Tendo la kurapu limepewa majina kadhaa katika Kiswahili, na kila jina lina watetezi wake.

Wapo wanaosema kufoka, na muziki wenyewe wakauita wa kufokafoka. Taswira yake si mbaya, maana maneno humtoka rapa kama maji yanayochemka na kumwagika chunguni. Lakini kufoka pia ni kukaripia kwa hasira, na kijana aliyetunga wimbo wa kumshukuru mama yake hataona haki akiambiwa kwamba amefoka. Neno hili lilitolewa na wasikilizaji waliousikia muziki kwa mbali, wakasikia sauti kabla ya kusikia maneno.

Wapo wanaosema kughani. Neno hili lina heshima ya ushairi, lakini mghani husoma shairi kwa mahadhi, na mizani ya shairi huhesabiwa kwa silabi. Rapa huhesabu mapigo ya ngoma. Katika pigo moja aweza kutia silabi moja au sita, mradi afike mwisho wa mstari kwa wakati. Tukisema anaghani, tutamhukumu kwa sheria isiyo yake, tuseme amevunja mizani ambayo hakuifuata tangu mwanzo.

Vijana wenyewe husema kuchana. Neno hili ni hai na lina nguvu, ila maana yake bado ni ya kundi moja. Msomaji wa mahali pengine atafikiri habari ya nywele au ya nguo.

Kwa hiyo tunapendekeza rapu kwa sanaa, kurapu kwa tendo na rapa kwa mtu. Ni maneno ya kutohoa, yanatamkika, na hayabebi lawama. Hata hivyo, jarida lisimbadilishie msanii maneno yake. Katika mahojiano, akisema anachana, iandikwe anachana. Istilahi ni ya sauti ya jarida, nayo lugha ya mtaani ni ya sauti ya msemaji, na jarida zuri huonyesha zote mbili bila kuzichanganya. Jina hip-hop lenyewe tunaliacha kama lilivyo, kwa kuwa ni jina la utamaduni mzima na wasomaji wamekwisha lizoea.

Tuongeze kwamba si kila neno la vijana linahitaji kusubiri kamati. Utungaji wa papo kwa papo jukwaani wao huuita mitindo huru. Neno hili limeundwa kwa maneno ya Kiswahili safi, linaeleweka kwa asiye shabiki, na halihitaji marekebisho. Kazi yetu hapo ni kuliandika tu katika orodha.

4. Hesabu ya karatasi

Istilahi haitoshi kama mwanafunzi haelewi kitu kinachotajwa. Jarida linalobanwa kwa pini katika mkunjo hutengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa mara moja, na kila karatasi hutoa kurasa nne. Kwa sababu hiyo idadi ya kurasa hugawanyika kwa nne sikuzote: 8, 12, 16, na kuendelea. Mhariri aliyekusanya kurasa 14 za habari ana kurasa mbili za kujaza au mbili za kupunguza.

Kurasa mbili zinazochapwa bega kwa bega upande mmoja wa karatasi hatuziiti jirani, kwa kuwa katika jarida lililokunjwa zaweza kuwa mbali sana. Tunaziita kurasa pacha. Kanuni yake ni nyepesi: jumla ya namba za kurasa pacha ni idadi ya kurasa zote na moja zaidi. Katika jarida la kurasa 16 jumla ni 17. Ukurasa wa kwanza ni pacha wa 16, wa pili ni pacha wa 15, na wa nane ni pacha wa 9. Ni pacha wa katikati tu wanaotazamana mbele ya msomaji, na hapo ndipo mahali pafaapo picha kubwa isiyokatwa na mkunjo wa karatasi mbili.

5. Orodha ya mapendekezo

Paji: jina la jarida lililo juu ya jalada.
Kidokezo: maneno machache juu ya jalada yanayotaja habari iliyo ndani.
Kijichwa: kichwa kidogo ndani ya makala.
Safu: makala ya mwandishi mmoja au ya mada moja inayorudi kila toleo.
Safuwima: mgawanyo wa ukurasa kutoka juu hadi chini.
Ufito: alama nyembamba iliyochorwa kutenganisha sehemu za ukurasa.
Pambizo: nafasi isiyoandikwa inayouzunguka ukurasa.
Maelezo ya picha: maneno yaliyo chini au kando ya picha.
Kurasa pacha: kurasa mbili za upande mmoja wa karatasi kabla ya kukunjwa.
Mdundo: muziki ambao rapa hurapu juu yake.
Mitindo huru: kurapu kwa kutunga papo kwa papo.

Hitimisho

Haya ni mapendekezo, si amri. Istilahi iliyokaa katika orodha bila kutumiwa ni kama nguo iliyokunjwa sandukuni: haijulikani kama inamfaa mtu mpaka avae. Jaribio la kweli la maneno haya litafanyika juu ya meza ya wanafunzi, usiku wa mwisho kabla ya kupeleka kurasa kwa mpiga chapa, ambapo mhariri atasema "ondoa ufito" na msanifu asiulize mara ya pili. Paji likikataliwa na wanaolitumia, na waseme neno lililo bora zaidi, maana wanaojenga nyumba moja hawagombei fito. Tunawaomba walimu, wanafunzi, wapiga chapa na wasanii watuletee maoni yao, pamoja na nakala za majarida yao, ili orodha hii isahihishwe kabla ya kusanifishwa.