RAM: Tazama Ukubwa Kabla ya Kasi

Makarani wa mawakala wa forodha, wenye saiba (cyber) na wanafunzi wa Changamwe, Mombasa, wanazijua vyema laptopu za mitumba, zile ziitwazo ex-UK. Zikianza kuganda, ushauri wa fundi ni mmoja: ongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Lakini ya kasi gani? Hapo ndipo wengi wanapopoteza pesa.

Chukua HP EliteBook 840 G3. Inatumia RAM ya kizazi cha DDR4, na prosesa yake ya Intel ya kizazi cha 6 haivuki kasi ya RAM ya 2133 MT/s. Ukiitia kipande cha 3200 kwa kawaida itawaka vizuri, ila kipande kitashuka hadi 2133. Ukichanganya vipande viwili vya kasi tofauti, vyote hufuata mwendo wa kile cha polepole. Na kipande cha DDR3 au DDR5 hakiingii kabisa, kwani mkato wake uko mahali pengine, usikilazimishe.

Kinachogandisha mashine mara nyingi ni uhaba wa nafasi. RAM ikijaa, kompyuta huhamishia kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Kwa anayefungua kurasa nyingi za intaneti pamoja na hesabu za Excel, GB 8 za kasi ya 2133 zitamfaa kuliko GB 4 za 3200.

Bei nayo haifuati kasi peke yake. Katikati ya 2025, bei ya DDR4 katika soko la dunia ilipanda hadi ikaipita ya DDR5, iliyo mpya na yenye kasi zaidi. Samsung, SK Hynix na Micron, zinazotengeneza sehemu kubwa ya RAM duniani, zilikuwa zikiipunguza DDR4 ili viwanda vihudumie DDR5 na mitambo ya akili unde. Wanunuzi wakakimbilia kuweka akiba. Desemba mwaka huo, Micron ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wateja wa rejareja. Mwanafunzi wa Changamwe sasa anagombea bidhaa moja na matajiri wa dunia.

Ndiyo maana kila shilingi ihesabiwe. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha Memory: utaona ukubwa, kasi na nafasi za vipande zilizotumika. Muuzaji naye aandike kizazi cha RAM, ukubwa na kasi kwenye risiti. Mteja ana haki ya kuambiwa, kabla hajatoa pesa, kama mashine yake itaitumia kasi anayoilipia.